Mazishi Aliyoyatazama kwenye Simu

Nilikubali mama azikwe dada yangu akitazama kwenye simu. Ningeweza kukataa. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa nyumba, na jeneza lisingeondoka uani kwetu Mabawe bila neno langu.

Dada alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, Burundi. Vita vilipowarudisha watu upande wetu kwa mara nyingine, alivuka na wanawe, akaandikishwa mkimbizi pamoja nao, akapelekwa kambini, safari ya siku nzima kwa basi kutoka kwetu. Kutoka kambini kulihitaji kibali. Lakini mwaka huo tulikuwa na simu janja, na siwezi kuisema vibaya simu ile. Jioni mama aliketi jikoni, nikamshikia, akauona uso wa binti yake.

"Umekonda," alimwambia. "Mnakula nini huko?"

"Maharage, mama. Na unga wa njano."

"Unga wa njano! Hata mbuzi wangu angeukataa."

Dada alicheka hadi picha ikatikisika. Mama alikuwa akiinua kipande cha ndizi mbele ya kioo cha simu, ati aonje. Bila simu, wasingeonana tena hata kidogo. Mama alifariki kwa homa ya mapafu, asubuhi, kabla ya misa.

Kwetu, binti aliye mbali hapelekewi taarifa ya msiba. Hutumwa mtu wa kumfuata. Mtu huyo akifika hatamki kifo, husema, "Mama hajisikii vizuri, twende." Njia nzima hukaa naye kiti kimoja. Binti hujua, naye huachwa ajue polepole. Kaburi humngoja atupe udongo wake.

Mwanangu alikuwa amekuja kutoka mjini na ruhusa fupi ya kazini. "Baba, kibali kitachukua siku ngapi? Tumpigie video. Ataona kila kitu, kama yuko hapa."

Shangazi yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka. "Wewe ndiwe uliyesoma sekondari," aliniambia. "Ndiko walikokufundisha kumzika mzazi kwa redio?"

Waombolezaji wengine walimcheka kidogo kwa kuiita simu redio. Nami niliona aibu kuonekana mtu wa zamani, nikasema, "Tumpigie."

Nilimpigia mwenyewe. Alidhani ni salamu za kawaida. Alikuwa kwenye foleni ya maji, akatabasamu. Nikamwambia papo hapo, kwa maneno matatu. Niliona ndoo ikianguka. Hakuna wa kwetu aliyekuwa karibu wa kumshika, na mimi nilikuwa nimeshika simu tu.

Makaburini simu ilipokezanwa kutoka mkono hadi mkono, kila mtu akitaka kumpa pole. Mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Katekista alipoanza sala, sura ya dada iliganda akiwa ameachama, na vijana wawili nyuma yangu wakacheka. Jeneza liliposhuka, sauti ikarudi bila picha. "Kaka, nionyeshe! Kaka, sioni!" Nikainua simu juu ya vichwa vya watu. Ikakatika. Nilipiga tena na tena, na udongo ulikuwa ukiendelea kutupwa. Sikumwambia mtu yeyote angoje.

Baadaye nilimfuata kambini na mkungu wa ndizi. Alinisalimu kwa adabu.

"Shikamoo."

"Marahaba, dada."

Aliniwekea kigoda, akabaki amesimama. "Uliniambia nitaona. Niliona turubai na viatu vya watu. Mlimvisha nini?"

"Gauni la buluu."

"Lile lilikuwa linambana kwapani," alisema. "Ningekuwepo, ningewaambia."

Nilimwomba msamaha. Alisema amenisamehe, kama mtu anavyoitikia salamu njiani, kisha akawagawia majirani ndizi zote bila kubakiza hata moja kwa ajili ya nyumba yake.

Wakimbizi walipoanza kurudishwa makwao, basi lake lilipita Kabanga, karibu sana na kwetu. Sikuambiwa. Nilipata habari wiki kadhaa baadaye kutoka kwa mama muuza nguo wa mpakani. Nimemtumia dada ujumbe mwingi tangu hapo. Anausoma, naona anausoma, hajibu. Mwanawe alipooa, mjomba aliyesimama upande wa mama yake alikuwa mtu wa kuazimwa, jirani yao.

Tulizaliwa wawili tu tumbo moja. Mama alichukuliwa na maradhi. Dada yangu yu hai, na nilimpoteza mimi mwenyewe siku ile niliposema, "Tumpigie."