Huduma ya Vitabu Ilipozimwa, Mkutubi Alifungua Madaftari Yake

Hana shahada. Hana msaidizi. Hana kiti chenye mgongo. Anakalia boksi lililopinduliwa. Na kwa miezi mitatu sasa, hana ile huduma ya mtandaoni iliyombebea nusu ya kazi.

Saa mbili asubuhi, mkutubi huyu wa miaka hamsini na mmoja anafungua kitabu cha ufugaji wa nyuki. Anasoma maandishi madogo nyuma ya ukurasa wa jina, kisha anaandika: jina, mwandishi, mwaka, mada. Dakika sita.

Zamani zilikuwa sekunde. Aliingiza namba ya kitabu, huduma ikamletea maelezo yote, kitabu kikaenda rafuni. Siku moja akajibiwa kwamba huduma imefungwa, basi.

Wakati huo alikuwa na maboksi ishirini na mawili ya vitabu vya msaada. Mkuu wa maktaba akamwambia kwamba shule zikifunguliwa kabla havijaorodheshwa, vitapelekwa maktaba ya mji jirani, yenye wasomi.

"Si kwamba nakudharau, dada," alisema. "Ila hii ni kazi ya waliosomea."

Mkutubi aliondoka na neno hilo. Nyumbani hakugusa chakula, hata binti yake akamtania: "Mama, imezimwa kompyuta tu. Mbona unaomboleza kama umefiwa?"

Alijaribu huduma nyingine mbili. Moja ilitaka ada inayozidi mshahara wake wa miezi minne. Ya pili ilikuwa ya bure, lakini katika kila vitabu kumi ilivijua vinne.

Ndipo alipokumbuka madaftari yake. Vitabu vya Kiswahili ile huduma haikuwahi kuvijua. Kwa miaka kumi na moja aliviandika mwenyewe kwa mkono, zaidi ya elfu moja mia tisa.

"Nilijicheka," anasema. "Kazi niliyokuwa naililia, kumbe ndiyo niliyokuwa naifanya miaka yote."

Katika kila kumi, vinne akachukua maelezo ya ile huduma ya bure, sita akaviandika mwenyewe. Mada ilipomshinda aliuliza wasomaji: seremala akamchambulia vya mbao, muuguzi vya magonjwa. Makosa ya ile huduma iliyofungwa nayo anayafuta. Hiki cha nyuki, huduma ilikiweka kwenye hadithi za watoto, labda kwa sababu nyuki wa jaladani anacheka.

Zikiwa zimebaki siku tatu shule zifunguliwe, boksi la mwisho likawa tupu. Ndilo analokalia.

Mkuu alipita rafu kwa rafu, akivuta hiki na kile. Mwishowe akasema, "Dada, nilikosea."

Juzi ilifika barua ya wale wasomi wa mji jirani. Huduma imewafungia nao, na wanaomba orodha yake ya Kiswahili. Yeye anataka maktaba zote za jirani zipeane orodha, zisimtegemee mtu wa mbali tena.

Mkuu alijitolea kusaini jibu. "Hapana, mkuu," akamwambia. "Hii nasaini mimi."

Ameandika: *Chukueni bure. Mkiandika vyenu, nileteeni.* Anatia orodha ndani ya bahasha, analamba gundi, anaikandamiza kwa kiganja, na kumkabidhi tarishi.