Vishikio Nyuma ya Kiti

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa vyuma Ruiru. Meneja wa shamba la kahawa aliniletea mtumbwi wake wa plastiki nimfungie mashine ya kuonyesha samaki na vishikio vinne vya fimbo za kuvulia, vyote nyuma ya kiti.

"Mkubwa, huko nyuma hutafikia," nilimwambia.

"Wewe toboa tu. Unajua nini kuhusu uvuvi?"

Nikatoboa, nikakaza nati. Jumamosi aliniita kwenye bwawa la shamba nishuhudie. Samaki alipovuta, huyo mjuzi akageuka mzima mzima kuifuata fimbo, mtumbwi ukapinduka. Mashine ilizima. Alisimama topeni, maji kifuani, akinilaumu mbele ya wachumaji kahawa. Mimi nilienda zangu.