Siku Niliyokataa Kuzima Kompyuta ya Ghala

Nilipofika ghalani na mkoba wangu wa bisibisi, baba mdogo alikuwa ameshamwita mwizi binti mmoja mfanyakazi wa pale. Alimwita hivyo mlangoni, mbele ya foleni nzima ya wakulima waliokuja kupimisha mpunga, kwa ile sauti yake ya kusomea somo kanisani. Mimi nilikuwa nimetoka Mikumi kwa ajili ya mashine ya risiti tu. Sikujua naenda kugombana na mdogo wake marehemu baba yangu.

Chama chetu cha wakulima ni kidogo, ghala lake liko upande wa Kisanga, na baba mdogo ndiye mwenyekiti. Binti ni karani wa mizani. Wazazi wake ni wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Yeye kazaliwa huku huku, kasoma huku huku, na bado watu humuuliza lini anarudi kwao. Siku ile alikuwa amepima asubuhi nzima bila kutoa risiti, kwa sababu mashine ilikuwa mbovu. Gunia likishapimwa, mpunga humwagwa kwenye rundo moja na wa wengine. Kwa hiyo nani kaleta kilo ngapi ilijulikana kwa kompyuta peke yake, na programu ya mizani ilikuwa imekufa ghafla, katikati ya kazi.

Walipojaribu kuiwasha tena, iliwajibu kwamba faili la mizani limefungwa, linatumika.

"Kalifunga yeye," baba mdogo aliniambia hata kabla sijaketi. "Shikamoo" yangu aliijibu kwa haraka haraka. "Kalifunga ili tusione alichofanya. Hawa watu nawajua. Zima hiyo kompyuta, iwashe upya, tuone humo ndani kuna nini."

Binti alisimama kando ya mizani, mikono nyuma kama mwanafunzi anayengoja viboko. "Mama, sijafunga kitu," alisema. "Nilikuwa naandika, ikapotea."

Niliinama nikaitazama kompyuta. Taa ndogo ya diski ilikuwa inawaka bila kupumzika. Nikaelewa.

Niseme kwa lugha ya kawaida. Programu ikifa ghafla, kompyuta ikipangwa vizuri humwaga kwenye diski kila kitu ambacho programu ile ilikuwa nacho kichwani dakika ile, ili fundi aje aone imekufa kwa nini. Wakati inamwaga, haijaondoka bado. Mafaili iliyokuwa imeyafungua bado imeyashika, na kufuli zake haijaziachia. Ikimaliza, inaziachia yenyewe. Kompyuta ile ilikuwa kuukuu na diski yake inakwenda kwa kujikongoja, basi kumwaga kulikuwa kunachukua muda. Hakuna aliyefunga faili. Lilikuwa limeshikwa na maiti.

Tena programu ile niliifahamu. Aliyeiandika, kijana mmoja wa mjini ambaye siku hizi hapokei simu, aliifanya iweke mizani yote ya asubuhi, yaani majina na kilo zake, kichwani, iandike kwenye faili karani anapofunga zamu. Ukizima, faili litafunguka vizuri kabisa na litaonyesha mizani ya jana. Ya leo haitakuwepo popote duniani. Binti angefukuzwa, pengine angelala mahabusu, na kila mtu kwenye foleni ile angeapa kwamba ushahidi aliuona kwa macho yake.

"Sizimi," nilisema.

"Unasemaje?"

"Sizimi, baba mdogo. Tunasubiri imalize."

Alinigeukia kwa lugha ya nyumbani, ili binti asielewe. Aliniuliza tangu lini natetea watu wa kuja dhidi ya damu yangu. Nilimjibu kwa Kiswahili, tena kwa sauti, wa nje wasikie: "Natetea mizani ya wakulima wako, mwenyekiti." Shikamoo nilimpa, swichi sikumpa. Nilivuta kiti nikakiweka mbele ya soketi ukutani, nikakaa. Umri wangu huu nimeambiwa mara nyingi mno zima-uwashe na wanaume wasiojua wanachozima, na siku ile nilikuwa nimechoka nao wote.

Mjumbe mmoja wa kamati alipendekeza kwa upole kwamba angalau nilivunje lile kufuli, kazi iendelee, foleni ni ndefu. Nikamwambia inawezekana, kwa kuiua ile programu isimalize kumwaga. Na kilichomo kitapotea. Akaona haya, lakini baba mdogo alikuwa ameshanyanyua mkono kuelekea waya wa umeme.

Hapo nikamwuliza: "Baba alipofariki, chumba chake kilifunguliwa lini?"

Mkono ukasimama. Kwetu mtu akifa, funguo zake anashika shangazi. Hakuna mtoto, hakuna ndugu, hakuna mdai anayegusa chumba mpaka matanga yaanuliwe, hata kama humo kuna jembe lako ulilomwazima na mvua imeshaanza. Baba yangu alipofariki, kaka yangu mkubwa alitaka kuvunja mlango siku ya pili. Aliyemzuia, aliyesimama mlangoni kifua mbele, ni huyu huyu baba mdogo.

"Hii nayo bado iko matangani," nilimwambia. "Unataka kuvunja mlango?"

Aliketi juu ya gunia, akavua kofia. Wajumbe wakatafuta pa kutazama. Tukasubiri, na mimi nakiri nilikuwa nimejitia ujasiri juu ya kitu ambacho kingeweza kukosa nafasi kwenye diski na kukatika njiani.

Taa ikatulia. Faili likafunguka bila mtu kuligusa, na kweli lilionyesha mizani ya jana tu. Baba mdogo akafungua mdomo, nikamwinulia kiganja. Nikaenda kwenye kile kilichomwagwa, nikapekua katikati ya takataka za herufi, na mizani ya asubuhi ikaanza kutokea: jina, kilo, jina, kilo. Nilisoma kwa sauti. Nje wakawa wanaitikia mmoja mmoja, "Ni zangu hizo!" Hakuna aliyebisha.

"Basi, yamekwisha," baba mdogo alisema akisimama. "Binti, endelea kupima."

Binti hakuisogelea mizani. Mikono yake ilikuwa imeshatoka nyuma.

"Mashine mmeisubiri, baba," alisema. "Mimi hamkunisubiri hata nimalize sentensi. Ulisema mlangoni, kwa sauti. Kaseme tena mlangoni."

Baba mdogo alinitazama mimi. Nilishughulika na kukunja waya za mashine ya risiti.

Akatoka. Tulimsikia akikohoa, kisha akisema kwamba kulikuwa na hitilafu, kwamba karani hana kosa, kwamba yeye aliteleza ulimi. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeongea na viatu vyake.

"Hawajasikia, baba," binti alimwambia kutoka ndani.