Kidonge Kando ya Sahani

Bwana alisali sana kabla ya chakula cha mchana. Wanawake waliokuja kutibiwa barazani walikuwa na mzaha wao: "Ukila kabla ya sala ya Bwana kwisha, huna dini. Ukingoja, huna chakula." Bibi, mkewe, aliusikia mzaha huo kutoka jikoni akacheka mpaka akaketi. Alisikia kila kitu, yule mama. Ningelitia hilo maanani mapema, huenda nisingekuwa na la kuandika leo.

Hapo ni Kisauni, miaka ya Vita Vikuu vya Pili. Bwana na Bibi walikuja kutoka ng'ambo kueneza dini wakiwa wazee tayari, umri ambao wenzao hutafuta kiti cha kupumzikia. Asubuhi Bwana alipalilia mihogo yake amevaa kofia kubwa, naye Bibi aliosha vidonda vya watu barazani. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, kijana mwenye elimu ya sekondari na majivuno yake. Kila mchana nilikula mezani kwao, kisha Bwana alisoma nami kwa Kiswahili sura atakayohubiri Jumapili.

Kabla ya sala Bwana alitoa kabatini chupa ya kwinini, dawa ya kukinga malaria. Aliweka kidonge kimoja kando ya sahani yake, kimoja kando ya sahani ya Bibi. Kisha alifumba macho. Baada ya amina walimeza pamoja, kila mmoja na bilauri yake ya maji. Wakati huo kwinini ilikuwa adimu. Madukani haikuwapo kabisa, na misheni ilipata ya kuwatosha wao wawili tu.

Mimi sikuwa na tabia ya kufumba macho wakati wa sala. Hivyo nikaona. Bwana akiwaombea wafalme na askari, mkono wa Bibi ulitambaa mezani, ukachukua kidonge, ukakifunga kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwa. Amina iliposemwa aliinua bilauri, akarudisha kichwa nyuma, akameza maji matupu.

Alinifuata barazani. "Mwalimu, umeona."

"Nimeona, Bibi."

"Mimi nimeshaishi. Watoto hawa wanaoletwa na homa bado."

"Na Bwana je?"

"Bwana akijua atasali macho wazi, na sala yake itaharibika." Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Nyamaza, Mwalimu."

Nilidhani nitanyamaza wiki moja, nimpe nafasi aache mwenyewe. Wiki hiyo haijaisha, binti yangu akashikwa na homa. Alikuwa wa miaka miwili. Bibi alikuja nyumbani kwangu kabla sijamwomba, akafungua lile pindo.

Alipoondoka mke wangu akaniuliza, "Babake, na dukani hamna, hii yatoka wapi?"

"Kwa Bibi."

"Na yeye je?"

"Yeye anayo yake."

Mtoto alipona. Tangu siku ile sikunyamaza kwa ajili ya Bibi tena. Nilinyamaza kwa ajili ya nyumba yangu, nikihofu homa nyingine.

Mvua za masika zikaanza. Maji yakasimama kila mahali, hata kwenye vifuu vya nazi, na mbu wakawa wengi mpaka mchana. Kwinini humtia mtu uziwi; Bwana alikuwa amefikia kutupigia kelele mezani kama tuko ng'ambo ya mto. Bibi alimsikia hata paka akitembea juu ya makuti. Yeyote mwenye akili angejua ni nani kati yao anayekunywa dawa. Nami nilikuwa na akili. Nilimwona Bibi akijifunika shali adhuhuri, nikaiona rangi ya macho yake, nikaendelea kula.

Siku moja kiti chake kikawa kitupu. Bwana aliweka kidonge kando ya sahani ya Bibi kama kawaida, akasali, kisha akampelekea chumbani.

"Ni jua," aliniambia kwa sauti yake kubwa. "Malaria haiwezi kuwa. Anakunywa kwinini kila siku, mbele yangu. Apumzike tu."

Nilikuwa nimeshika kitabu. Nilifungua ukurasa wa siku ile.

Siku ya pili aliniambia hivyo hivyo. Siku hiyo niliingia kumwamkia Bibi. Midomo ilikuwa imempasuka. Bwana alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo, na hata angegeuka asingesikia.

"Mwalimu, mwanao hajambo?"

"Hajambo, Bibi."

"Basi."

Hakuniambia ninyamaze. Neno hilo moja, basi, nimelipindua miaka mingi, na kila ninavyolipindua naona mlango ulikuwa wazi. Ningetoka pale, nimguse Bwana bega, niseme. Nilirudi shuleni kufundisha hesabu.

Siku ya tatu mkojo wake ukawa mweusi kama kahawa. Hapo ndipo Bwana alipotafuta gari. Tulikuta daraja la Nyali limejaa malori ya jeshi, tukangoja juani, Bibi amelala kichwa mapajani mwa mumewe. Ilipofika zamu yetu tukavuka. Alifariki hospitalini asubuhi iliyofuata. Daktari alisema tumechelewa.

Juma moja baada ya mazishi Bwana alinialika kula. Alitoa chupa, akaweka vidonge viwili mezani. Alivitazama kwa muda, akarudisha kimoja. Kisha akaniuliza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakupaza sauti.

"Mwalimu, wewe uliketi mkabala naye kila siku. Alikuwa akimeza?"

Binti yangu alikuwa akicheza nje, nilimsikia.

"Sijui, Bwana," nikasema. "Wakati wa sala mimi hufumba macho."

Akautazama mdomo wangu mpaka akaelewa. Akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Vema," akasema. "Ndivyo ipasavyo." Kisha akafumba macho yake, akaanza kusali.