Wembe wa Mapasa

Nilipokuwa mtoto kule Mboko, zama za Wabelgiji, jina langu halikuwa na kazi. Niliitwa Faida, lakini nani aliliita? Mimi na pacha wangu Riziki tulikuwa "mapasa", basi. Nguo sare, sahani moja, na siku ya kunyolewa ilikuwa moja. Koko, bibi yetu mzaa baba, alituonya tangu zamani: ukimnyoa pacha mmoja umemnyoa na mwenzake, na kichwa kilichoachwa nyuma kinakamatwa na homa.

Mwaka mmoja shangazi alimchukua Riziki kwake, mji wa Baraka, amsaidie kulea kichanga. Nikabaki peke yangu, nikafurahi, Mungu anisamehe. Asubuhi moja nikachukua wembe wa baba, nikajificha ndani, nikaanza kujinyoa bila kioo wala maji. Nilitaka mtu akiniona tu aseme, huyu ni Faida. Nilichopata ni upara huku na kichaka kule.

Koko alipoingia alishika kichwa. "Mama weee! We mutoto, umemunyoa nani?"

"Nimejinyoa mimi, Koko."

"Mimi gani? Mapasa hana mimi! Riziki iko Baraka, pengine homa imeisha kumukamata!"

Akanisukuma kwenye chumba cha mihogo mikavu, akafunga mlango kwa kamba. Nisivuke kizingiti mpaka vichwa vyetu vilingane. Baba, mtu wa misheni aliyezoea kumcheka Koko kwa mambo haya, safari hii hakucheka. Alipanda baiskeli akaenda Baraka kumleta Riziki.

Loo, chumba kile! Unga wa mihogo ulinijaa puani, panya walitembea watakavyo, na nje nilisikia wasichana wenzangu wakicheza. Nilisukuma mlango, nikaita, hakuna aliyeitika. Nikajaribu kusali, nikashindwa, maana kila nikifumba macho nilimwona Riziki akitetemeka kwa homa. Nilitaka kuwa peke yangu, na sasa nilikuwa peke yangu kwelikweli. Niliogopa sana.

Kesho yake mlango ulifunguliwa. Riziki alisimama pale, mzima kabisa, amesukwa na shangazi mistari mizuri ambayo kijijini kwetu hakuna aliyekuwa nayo. Nililia kwa furaha.

"Ikala hapa," Koko akamwambia, wembe mkononi.

"Koko, iko muzima! Hana homa!" nikasema.

"Iko muzima kwa sababu tumewahi."

Riziki alikitazama kichwa changu, akacheka kidogo, kisha akaigusa misuko yake. Akakaa. "Nyoa tu, Koko." Machozi yalimtoka mpaka msuko wa mwisho, lakini hakuniuliza kwa nini. Koko akanimalizia na mimi, akatupaka mawese wote wawili.

Jioni mama, aliyekuwa amengoja mambo ya Koko yaishe ndipo anichape, alikuja na fimbo. Akatutazama vipara, mmoja baada ya mwingine, akashindwa.

"Faida ni nani hapa?"

Maishani mwangu sikuwahi kusikia jina langu likitafutwa hivyo, peke yake. Nikanyamaza.

"Ni mimi," akasema Riziki.

Wajukuu wangu wananiuliza kama Koko alikuwa mjinga. Nawaambia homa haikuja, ni kweli. Lakini alisema yakimpata mmoja yamempata na mwenzake, na mimi niliyaona. Fimbo zile zilikuwa zangu, na nilisimama kando nikizisikia zikimwangukia yeye.