Kikao Kilichosikika Chumba cha Pili

Laptop yangu iliwahi kuwa na tabia ya kukata sauti asubuhi, hasa bosi akianza kuongea. Nilikuwa nafanyia kazi nyumbani, ghorofa ya tatu, mtaa wa Mchafukoge, naandika nyaraka za wakala mmoja wa forodha. Kila siku saa tatu tulikuwa na kikao cha mtandaoni. Dakika kumi sauti ipo, mara kimya, midomo inacheza tu. Nikiona wenzangu wanatikisa kichwa, na mimi natikisa. Nikiona wananitazama mimi, nasema, "Sawa kabisa, bosi."

Nikaipeleka Kariakoo. Fundi wa kwanza akaitazama bila kuigusa.

"Spika zimekufa, braza."

Akaiwasha, muziki ukalia mpaka wapita njia wakageuka. Hakutahayari. "Umeona? Zinakufa pole pole."

Wa pili alipiga Windows upya. Huyo hata ukimpelekea pasi ataipiga Windows. Kesho yake saa tatu na robo, kimya.

Wa tatu alikuwa mama mmoja mtu wa Mtwara, mwenye kimeza kwenye ngazi za jengo. Yeye, ajabu, aliniuliza swali.

"Inakukatia ukiwa wapi?"

"Nyumbani tu."

"Basi laptop ni nzima, haina ubovu. Ikikata tena usiipige makofi. Bonyeza alama ya spika pale chini, usome sauti inaenda wapi."

Asubuhi iliyofuata ilikata. Nikabonyeza. Sauti ilikuwa inaenda kwenye spika nyingine kabisa, ya bluetooth. Nilipotulia nikamsikia bosi wangu, sauti nzito, akitokea upande wa pili wa ukuta.

Hapo nikakumbuka. Siku ya sherehe ya dada yangu niliazima spika ya jirani, mama wa Kihindu mjane, nikaiunganisha na laptop. Niliirudisha, lakini laptop haikusahau. Kila mama alipoiwasha spika asikilize nyimbo zake za sala, laptop ilimuwahi, ikajiunga nayo kabla ya simu yake.

Nikagonga mlango. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia, kaa, usiongee. Mchezo umefika pazuri."

"Mchezo gani?"

"Wa redio. Wa bandarini. Mwezi mzima nausikiliza, hata sala nasali baadaye. Yule bosi muongo! Jumatatu anasema kontena limetoka, Jumanne anasema linatoka kesho."

Nikamweleza kwamba si mchezo, ni kazini kwangu. Alinitazama kwa huruma.

"Kwa hiyo wewe ndiye yule asiyesikika? Bosi anauliza, kimya, halafu anasema asante kwa kukubali?"

"Ndiye mimi. Nimekubali nini?"

Akahesabu kwa vidole. Nilikuwa nimekubali kuacha likizo yangu ya mwezi ujao. Nilikuwa nimekubali kosa la karatasi zilizokosewa na mwenzangu, na bosi alinisifu kwa uungwana. Na Jumamosi hiyo niende bandarini kulitazama kontena, maana hakuna mwingine aliyetaka.

"Nikajiuliza mtu gani mjinga hivi," akasema. "Samahani, mwanangu."

Nikalifuta jina la spika yake kwenye laptop, na sauti ikatulia moja kwa moja. Mama hakufurahi hata kidogo. Likizo niliipata tena kwa shida. Lile kosa mpaka leo ni langu kwenye faili, maana huwezi kumwambia bosi ulikuwa humsikii ilhali ulikuwa unamwitikia.

Jumamosi nilikwenda bandarini. Nilisimama juani mpaka saa nane, kisha karani akanionyesha kontena letu. Halikuwa limetoka wala halikuwa na dalili ya kutoka, lilikuwa chini ya mengine matatu.

Niliporudi mama alifungua mlango wake kabla sijafika kwangu. Meza ilikuwa na chai na bhajia za moto.

"Kaa," akasema. "Anzia pale getini, bandarini."

Nikaanzia getini. Alinisahihisha mara mbili.