Nyanya Alipougua Bila Homa

Mwezi uliopita nilimpigia mama simu nikiwa Kakuma, ninakofundisha, na hakunigombeza. Wewe unawajua wazazi wetu. Mama anaishi Lodwar, mtaa wa Nawoitorong, na hajawahi kupokea simu yangu bila lawama: mbona kimya, mbona sauti imekonda, utaoa lini. Siku hiyo alisema tu, "Haya, mwanangu," akanyamaza. Niliondoka mchana huohuo, na njia nzima nilimfikiria nyanya.

Nyanya, mama yake mama, alikuja kukaa nasi baba alipohamishiwa Lodwar kikazi. Enzi hizo ugonjwa ulikuwa na makelele. Malaria ikimshika, alitetemeka hadi kitanda kikalia, kajifunika mablanketi mawili katika joto lile, nasi watoto tukicheka chini kwa chini. Nyumba ilinuka tangawizi na mchuzi wa samaki mkavu. Kipimo chetu kilikuwa kimoja: mgongo wa kiganja chake kwenye paji la uso wako. Likiwa moto, unabaki nyumbani na uji. Likiwa baridi, chukua mtungi ukateke maji. "Paji la uso halidanganyi," alikuwa akisema, nasi tulimwamini.

Alipozeeka kabisa, alianza kuacha ugali sahanini. Akawa ananiita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Asubuhi moja akaanguka akielekea jikoni. Mama akamgusa paji: baridi. Baba naye akagusa. "Ni uzee," wakakubaliana, kwa kuwa hicho ndicho kipimo nyanya mwenyewe alichotufundisha.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kiturkana aliyefuma vikapu vya majani ya mkoma mlangoni pake. Kila asubuhi yeye na nyanya walirushiana salamu juu ya ua, "Ejok!" na "Ejok nooi!", nyanya akiivuta kwa lafudhi ya kwao hadi jirani acheke. Siku chache baada ya nyanya kuanguka, jirani aliingia kwetu bila hodi.

"Mama hii iko mgonjwa," akamwambia mama. "Mimi nasema ejok, yeye nanyamaza tu."

Hospitalini daktari alikuta nimonia imeenea kifuani. Akatueleza kwa upole kwamba mwili wa mzee mara nyingi haupandi joto kama wa kijana. Ugonjwa uleule uliokuja kwa homa na kikohozi ujanani, uzeeni waweza kuja kwa kukosa hamu ya kula, kuchanganyikiwa au kuanguka. Tulikuwa tumechelewa. Tulimzika nyanya, na nililia kwa hasira, nikilichukia lile paji la uso.

Basi nilipomkuta mama, naye sasa mzee, ameketi kitandani, chai yake imepoa hadi ikafanya utando, sikupoteza muda kumgusa. Nilimpeleka hospitali moja kwa moja. Yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo, bila homa, bila maumivu. Safari hii dawa ziliwahi.

Jirani yule hayupo tena, na pale palipokuwa na ua sasa kuna ukuta wa mawe. Hata kiganja cha nyanya sikikumbuki vizuri. Siku hizi nampigia mama kila asubuhi kabla ya kengele ya darasa. Jana alipokea na kuanza papo hapo: mbona umechelewa, unadhani sina kazi? Nikaketi kwenye benchi nje ya darasa, nikamwacha anigombeze hadi salio likaisha.